Michezo ya kwa Mukendi, na jikoni yako

Kwako Mama Zaituni, muke yangu, kule Kasongo kwa dada yako,

Kama hii barua inafika asubuhi, maliza kwanza chai yako, kisha ukae, kisha usome. Amani ya Mungu ikukute muzima, ikute goti ya dada yako imepunguza maumivu, ikute mvua imeanza vizuri na mihogo imeshika. Hapa Kolwezi mi niko muzima. Meno ni yale yale uliacha. Mugongo uko na maneno yake lakini sijibu. Macho yangu bado yanaona mbali kuliko ya Hemedi, mutoto wa kaka yako, mwenye anakuletea hii barua. Na yeye ni shofeli wa leo. Mi nilikuwa shofeli wakati barabara ilikuwa haijajua kama ni barabara.

Utasema, mbona barua, muzee amekosa simu. Simu niko nayo. Ni we hushiki. Tangu uliondoka inalia kule mupaka inachoka, na mi sitaki kuzungumuza na dada yako juu anasikia nusu ya neno na nusu ingine anajaza yeye mwenyewe. Basi nimenunua daftari. We unajua nilisoma myaka ine tu, lakini hii nimeandika mi mwenyewe, hakuna mutu ameshika kalamu yangu. Kama mwalimu wa madrasa ya pale anasema kuna makosa, mwambie aje kwanza anionyeshe namna ya kurudisha kamio, lori nzima, nyuma na remorki yake ya kuvuta, kisha tutazungumuza juu ya makosa.

Sasa. Sisi wote wawili tunajua uliondoka juu ya nini, lakini naiandika, ili isiseme mutu kwamba nilipita pembeni. Kabwe, ule kapita, mukubwa wa bachimbaji, alikuja mu parseli yetu, kiwanja ya nyumba, akapima na muguu, akagonga simenti na chuma, akaweka sikio kama daktari. Akasema: "Tata, mawe meusi iko hapa. Iko chini ya jikoni, pale pale Mama anapikia bukari." Kasulo yote, mutaa wetu muzima, bamechimba juu ya hiyo kobalti. Majirani wa mukono wa kuume balichimba mu chumba ya kulala, ba mukono wa kushoto mu salo ya kupokea wageni. Nyumba yetu tu njo ilibaki na udongo wake chini. Nikamwambia Kabwe ndiyo. Sikukuuliza. We ukasema mbele yake: "Siku sururu ya kwanza itaingia mu jikoni yangu, mi sitaingia tena mu hii nyumba." Mi nikasema: "Nenda, njaa itakurudisha." Ukaenda. Na njaa ilibaki hapa na mi.

Sururu iliingia, sikufichi. Balivunja simenti, bakachimba siku moja, shimo ikanifika hapa kwa kifua. Kisha baba mukwe wa Kabwe akafa kule Tenke, yeye akaenda matanga, na batu yake habashuki kama kapita haiko. Ni sheria yao: kapita njo anashuka wa kwanza, kapita njo anapanda wa mwisho. Basi nikabaki na shimo mu jikoni, mbabula, jiko yako ya makaa, nje, masufuria mu salo juu ya kiti. Nilipika bukari mara mbili. Ya kwanza ilikuwa uji. Ya pili ilikuwa tofali. Siku ya tatu nikapanda pikipiki, nikaenda Kapata kwa Mukendi.

Mukendi unamujua, ule Mukasai, mutu wa Kasai, mwenye aliendesha treni ya kampani, mwenye anasema treni ni ngumu kuliko kamio. Namwambia kila siku, treni haina hata volan ya kukata kona, mutu anaweza kuiendesha amekunja mikono. Sasa yuko retreti, amestaafu. Alibakia na nyumba ya kampani, na mu salo ameweka televizio mbili na makina ya michezo, bijana banakuja kucheza nyuma ya masomo. Asubuhi hakuna mutu. Basi asubuhi tunacheza sisi wazee wawili, na Mama Kapinga, muke yake, anatuletea chakula. Sombe yake, ile ya majani ya mihogo, iko na chumvi kidogo. Sisemi zaidi.

Nimecheza michezo mingi sasa, Mama Zaituni. Na juu we unapenda kusema mi natoa hukumu kabla ya kuona, hii mara nimeona, acha nihukumu.

Ya kwanza ilikuwa mupira. Unashika manete, ile kitu ya bifungo ya kushika na mikono mibili, na batu kumi na moja banakimbia chini ya vidole vyako. Ni muzuri kwa macho. Majani yake ni kijani kuliko majani ya Mungu. Lakini haina haya. Muchezaji anaanguka, anasimama, haombi mutu maji. Arbitre, mwenye firimbi, nilimutukana, akaendelea tu na kazi yake, na mupira yenye huwezi kumuchokoza arbitre haiko mupira, ni mutihani. Mukendi alinifunga tano. Manete yangu ilikuwa na kifungo kyenye kukwama. Tukabadilisha manete. Akanifunga sita. Basi zote mbili zimeharibika, nilimwambia apeleke kwa fundi. Hajapeleka mupaka leo, na ule mutu mwenye hajapeleka manete kwa fundi anajiita bingwa.

Ya pili ilikuwa kamio. Hapo nilisema: "Mukendi, sogea, sasa utaona mwanaume." Akanipa volan ya plastiki, ndogo kama sahani ya batoto, akaifunga kwa meza. Nikaanza. Barabara ya ule muchezo haina shimo hata moja. Unafikiri nilifurahi? Nilichoka. Mikono yangu ilikuwa inatafuta shimo. Nikaenda katikati ya barabara, vile tunafanya, kukwepa mashimo yenye hayakuwepo, na kamio ingine ikanipiga uso kwa uso. Nikaanza tena. Nikafika kwa bariere, ile muti ya kufunga barabara. Nikasimama, nikazima moteri, nikangojea.

Mukendi akasema: "Unangojea nini?"

"Mutu wa bariere."

"Hakuna mutu."

"Kama kuko bariere, mutu atakosaje?"

Nikangojea. Nikatoa mpaka leseni yangu mu mufuko, ile ya kweli, nikaiweka pale juu ya meza tayari. Mukendi akacheka mupaka akashika ukuta. Mama Kapinga akatoka na mwiko mu mukono, akaona leseni, akasema: "Tata, weka kitambulisho yako mbali na supu." Kumbe ile bariere inajifungua yenyewe, unasogea tu karibu. Sasa niambie nani angejua. Mi nimeendesha Kolwezi na Likasi na Lubumbashi mupaka nywele ikaisha, sijaona bariere yenye kujifungua bila mutu kutoka kibandani anafunga mukanda.

Hukumu yangu juu ya ule muchezo: moteri yake iko na sauti muzuri, freni ni za kweli, lakini mwenye kuutengeneza hajabeba mutu hata siku moja. Nilivuka nchi nzima, hakuna mama amesimama pembeni na kuku akisema shofeli, nisogeze. Kiti ya pembeni ilikuwa tupu toka mwanzo mupaka mwisho. Mara mbili niligeuza kichwa. Unakumbuka ile safari ya Likasi, Zaituni akiwa mu tumbo yako, ulikaa pale na begi ya michungwa na kila kona unaniambia pole pole? Nilikuwa nakukasirikia. Mu ule muchezo hakuna mutu wa kusema pole pole, na nilianguka mara kumi na moja.

Kuko ingine ya bunduki. Hiyo nilicheza mara moja nikarudisha manete. Si woga, we unanijua. Muchezo wenyewe wanautengeneza vizuri, moshi ni moshi, mulango unavunjika kama mulango. Lakini niliangalia mu mitaa yote ya ule muji wenye kupigwa, sikuona mutu hata mmoja anakimbia na godoro kichwani. Mukendi naye aliangalia. Yeye alibeba godoro lake siku zile batu wa Kasai walifukuzwa, mi nilibeba langu siku za vita kule kwetu. Akasema: "Hawa batu hawajui vita." Akazima. Tulikunywa chai.

Sasa ile yenye we ungependa. Mukendi anaiita ya tofali. Tofali zinaanguka toka juu, moja moja, kila moja na sura yake, na we unazigeuza mupaka zinakaa bila nafasi. Musitari ukijaa, unapotea. Ni kupanga muzigo mu kamio, hakuna zaidi. Pale nilimushinda Mukendi mpaka akaanza kusema macho inamuwasha. Musituko wangu ulikuwa mwingine. Kila mara nikipata tofali mubaya nilikuwa nasikia sauti yako: "Hiyo iweke pembeni, itapata rafiki yake." Vile ulikuwa unasema tukipakia magunia. Ubaya wa ule muchezo ni hauna mwisho muzuri. Ukicheza vizuri wanakuongezea mbio, ukicheza vizuri zaidi wanaongeza tena, mupaka unashindwa. Hakuna mahali wanasema, muzee, umepanga vizuri, nenda ukale.

Hiyo yote ni bitu bya kuchekesha. Kuna moja ya mwisho, na juu ya hiyo moja njo nimenunua daftari.

Ni muchezo wa kuchimba. Nilimwambia Mukendi: hii usinifundishe, mi ni mutu wa Kasulo. Mu ule muchezo dunia yote ni sanduku sanduku, mibuyu ya sanduku, ng'ombe ya sanduku. Unaanza mikono mitupu. Unakata muti, unajenga nyumba, kisha unachimba mawe. Mi nikajenga nyumba yetu. Usicheke. Nilijenga vile vile: mulango kwa mashariki, chumba yetu, salo, na jikoni nyuma. Mbabula hawana, lakini wanakupa jiko ya mawe, nikaliweka mu kona, pale we unalipenda, mbali na mupepo ya mulango. Nikaweka na kitanda. Mukendi akasema: "Kwa nini usijenge nyumba kubwa, hapa simenti haina bei." Nikamwambia nyumba haiko tumbo, haina sababu ya kuvimba.

Kisha nikachukua sururu, nikasimama katikati ya jikoni, nikaanza kuchimba chini ya miguu yangu.

"Hapana," Mukendi akasema. "Mu hii muchezo hakuna mutu anachimba chini ya miguu yake. Toka nje, tafuta mulima, uingie kwa pembeni na ngazi."

"Hiyo ni mambo ya batu wa kampani," nikamwambia. "Bo banapewa mulima. Sisi Kasulo tunachimba nyumbani."

"Tutaona."

Nikashuka. Nikapata makaa ya mawe, nikapata chuma, nikapata mawe yenye kung'aa mekundu. Nilikuwa na furaha kama Kabwe. Nikachimba kwa pembeni chini ya salo, nikachimba chini ya chumba. Kisha nikavunja sanduku moja tu, moja, chini ya kisigino, na chini yake kulikuwa moto. Muto muzima wa moto. Nikaanguka, nikaungua, na bitu byote byenye nilikuwa nimebeba bikaungua na mi. Televizio ikaandika umekufa. Ukibonyeza kifungo unafufuka mu kitanda yako. Nikafufuka. Nikarudi mu shimo kutafuta bitu byangu, nikafa tena. Mukendi akasema: "Lazaro alifufuka mara moja tu na walimuandika mu kitabu. We asubuhi hii umefufuka mara saba."

Mara ya nane sikuanguka. Nilishuka pole pole, nikakaa chini, nikageuza macho juu, kutafuta mahali nitapandia.

Mama Zaituni, niliona nyumba yetu toka chini. Katika myaka yote ya kukaa Kasulo, mi sijawahi kushuka mu shimo ya kupita chini ya nyumba, mi ni mutu wa barabara, shimo ni la bengine. Kwa hiyo sikujua inaonekana namna gani. Niliona chini ya jikoni ilibaki unene wa sanduku moja. Moja tu. Na pembeni ya shimo, pale juu, kulikuwa ile jiko ya mawe mu kona yake, imesimama juu ya hewa. Na mi njo niliiweka pale, mi njo nilitoa udongo wote chini yake, na wakati nilikuwa natoa sikuona kitu, nilikuwa naona tu mawe yenye kung'aa mbele.

Nikaweka manete chini. Mukendi akasema: "Umechoka, mukubwa?" Nikasema kifungo kimekwama. Hakucheka. Akasema tu: "Huyu wa mu televizio anafufuka mu kitanda. Mama Zaituni atafufuka wapi?" Niliondoka bila kula. Mama Kapinga alifikiri ni juu ya chumvi.

Kabwe alirudi toka Tenke siku ya pili yake, na batu yake, na kamba, na taa za kichwa. Walinikuta mu shimo. Nilikuwa narudisha udongo. Kabwe akasema: "Tata, tulipatana." Nikasema tulipatana, na sasa nimekataa. Akasema: "Mawe iko hapo, Tata, tulishaanza kuyaona. Bengine watakuja, utawapa bo." Nikamwambia, mutu mwenye atakuja atanikuta nimekaa hapa, na mi nikikaa mahali, hata kampani hainitoi. Alinipigia heshima, akaenda. Si mutu mubaya. Lakini sijui kama amenisamehe, na majirani banasema muzee amerukwa na akili, anakalia mali yake kama kuku yenye kuatamia mawe.

Kujaza kulinichukua siku ine, na beleshi ya kuazima. Sikuita mutu. Mukendi alikuja siku ya tatu, akakaa kwa kiti, akanipa mashauri, kama vile mutu wa treni anafanya.

Sasa nisikilize vizuri. Usimwambie dada yako kwamba umenishinda. Hukunishinda. Ni muchezo wa sanduku njo ulinishinda, tena mara saba tu, ya nane nilitoka mwenyewe.

Lakini simenti nilivunja, na simenti ikivunjwa haisahau. Nimeshindilia udongo na mabuti yangu, nimemwaga maji, nimeshindilia tena, na bado inashuka kila mvua, kidogo, kama mukate ukibonyezwa. Mbabula nimeirudisha ndani, haikai sawa. Nikiiweka mu kona yake inainama, maji ya bukari yanamwagika upande mmoja. Fundi anasema tungojee mupaka udongo umelala, kisha yeye amwage simenti mupya. Nimemwambia hatamwaga mupaka mwenye jikoni aseme mbabula itakaa wapi. Mi sijui. Nilifikiri najua, lakini nilijua tu juu nilikuwa naikuta pale kila siku.

Hemedi nimemupa jiwe moja, amelifunga mu kitambaa. Ni jeusi, zito, si zuri kwa macho. Lilitoka mu ile siku moja ya sururu. Ndiyo yote ile jikoni ilitoa, na ndiyo yote itatoa nikiwa muzima. Fanya nalo unachotaka. Dada yako anaweza kuzuia nalo mulango wa kuku.

Nisalimie huyo dada yako, Mwanaidi, mwambie mafuta ya kupaka goti nimemutumia, apake asubuhi, asiyahifadhi mupaka goti lingine nalo liharibike. Nisalimie shemeji Ramazani, bwana yake, mwambie nasikia bado anavua na ule wavu wenye matundu, ndiyo maana samaki wanamupenda. Nisalimie mwalimu wa madrasa, kama njo anakusomea sehemu zenye mwandiko wangu umechoka, amefanya vizuri, asiongeze neno. Zaituni binti yetu amepiga simu toka Lubumbashi, yuko muzima, bwana yake muzima, anauliza kila siku Mama anarudi lini, na mi namujibu umuulize yeye mwenyewe. Mukendi na Mama Kapinga banakusalimia. Mama Kapinga anasema sombe yake haikosi chumvi, ni mi nimezoea mukono wa mutu.

Hemedi atakaa kwenu siku tatu, kisha anarudi huku na kamio yake kupitia Kongolo. Kiti ya pembeni iko tupu, nimemuuliza. Nimemwambia aendeshe pole pole, hata kama hakuna mutu wa kumwambia.

Na ule muchezo wa tofali, Mukendi ameacha kuucheza na mi, anasema haina raha kushindwa kila siku. Nimekaa bila mushindani. We uko na mikono ya kupanga kuliko mi, hiyo nimejua toka magunia ya kwanza, sikusema tu. Kuja unishinde.

Mi, bwana yako,
Baba Zaituni,
Kasulo, Kolwezi